Karani Asiyenunua Maji

"Mimi sinunui maji."

Ukimtaja Karani hapa kwetu juu ya Ekerenyo, mtu wa kwanza atakujibu kwa maneno hayo, na atayasema kwa Kiswahili hata kama mlikuwa mnaongea Ekegusii, kwa sababu mwenyewe aliyasema kwa Kiswahili. Kiswahili kilikuwa lugha yake ya kazini. Alikivaa asubuhi pamoja na lile koti lake la kaki alipofungua banda la kupimia majani chai, na jioni akifunga banda alivivua vyote viwili. Barabarani alikuwa mtu wa kusalimia kwa kichwa tu. Bandani alikuwa serikali.

Niwaeleze ilivyokuwa, maana vijana wa siku hizi wanakuta mizani ya umeme na hawajui tulikotoka. Mama zetu walichuna tangu alfajiri, na huku kwetu alfajiri ni ukungu na mvua. Walishuka na vikapu mgongoni, wakapanga foleni, wakangoja lori la kiwanda huku wamelowa mpaka kwenye mifupa. Karani alikuwa anachovya mkono ndani ya gunia mpaka kiwiko, anatoa konzi ya majani, anaifinya, kisha anakifungua kiganja chake na kukitazama. Kiganja kikiwa kimelowa, anakata kilo zako. Hakuambii anakata kiasi gani mpaka amalize kusoma mizani, na akishasoma hasomi tena. "Maji," anasema. "Mimi sinunui maji. Anayefuata!"

Na jani kubwa je? Alitaka majani mawili na chipukizi lake, basi. Akiona jani gumu alilitoa kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa nywele kwenye chakula, akalitupa sakafuni mbele yako. Nimewaona wanawake wazima wakiinama kuokota majani yao kwenye tope la miguu ya watu.

Mama yangu alikuwa na mdomo, na bado anao. Yeye hakuinama. Siku moja alimwuliza mbele ya foleni nzima, "Karani, kwani hii mvua ilininyeshea mimi peke yangu?" Karani hata hakuinua macho. "Mama, songa. Wengine wanangoja." Nilikuwa msichana mkubwa wa kutosha kushika upande mmoja wa gunia, na nilimchukia yule mtu, sisemi kwa utani. Njiani mama hakuongea. Mama yangu kunyamaza! Nilijua hapo kwamba ameumizwa sana.

Sasa mtu wa namna hiyo, ungefikiri Jumamosi akitoka kanisani (alikuwa Msabato wa kushika kila kitu) anakwenda kulala au kuhesabu dhambi za wenzake. La. Alipanda kilimani. Kilima chetu, hiki kilicho juu ya chemchemi, hakina mtu. Kiko juu ya mashamba yote ya chai, na kileleni hakuna kitu ila nyasi, upepo, na bonde dogo la majimaji ambako maji ya chemchemi yanaanzia. Watu walikuwa wanalisha ng'ombe huko na kukata nyasi za kuezekea, zamani za kuezekea. Hakuna aliyekitazama mara mbili.

Nilimkuta huko Jumamosi moja nikitafuta ndama aliyekata kamba. Amelala kifudifudi kwenye nyasi, na suti yake ya kanisani, viatu vimeng'aa, hatikisiki. Nikajua moyo wake umesimama. Nilipiga ukemi ambao nadhani walisikia mpaka Kebirigo. Karani akainua kidole kimoja bila kugeuka.

"Nyamaza wewe! Unamvuruga Chifu."

Nilitazama huku na huku, hakuna chifu. Kulikuwa na ndege. Mweusi tititi, mkia mrefu umepinda kama wa jogoo, anaruka kutoka ndani ya nyasi kwenda juu, anatua palepale, anaruka tena, miguu inapiga hewa. Nikacheka bila kutaka. Kumbe msimu wa mvua madume hawa wanakuja kilimani, kila mmoja anajikanyagia kiwanja chake cha mviringo kwenye nyasi, anaacha shada moja katikati, halafu kazi ni kuruka tu, siku kutwa, ili majike waliojificha wamwone. Karani alikuwa amewapa wote majina. Chifu. Pasta. Yule pale ni Mkurugenzi, mnene, anaruka mara mbili na kupumzika. "Na yule anayeruka kupita wote lakini hapati mke?" nikamwuliza. "Huyo ni Mwenyekiti," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikayaona meno ya Karani.

Jina lilikuwa la kiwanja, si la ndege. Ndege akifa, anayerithi kiwanja anarithi na jina. Kulikuwa na mmoja karibu na jiwe jeupe, kazi yake kuwafukuza wenzake wote mpaka mpakani na kuwapigia kelele. Nikauliza huyo naye ni nani.

"Huyo usiniulize," akasema, akasimama kupangusa suti.

Tangu siku hiyo, nikimkuta huko, alikuwa ananionyesha kitu kimoja, kimoja tu, kisha ananifukuza. Nilikuwa nikishuka nimekasirika kwa sababu nimefukuzwa, na Jumamosi nyingine najikuta napanda tena. Alinionyesha maua madogo kama ya karatasi ambayo ukiyachuma leo, mwaka ujao bado yako vilevile mezani. Alinionyesha tuta la fuko na kusema fuko ndiye mlimaji pekee anayeruhusiwa hapa. Alinionyesha kware mwenye mayai, akanishika bega kwa nguvu nisiweke mguu. Kwenye lile bonde la majimaji alinichuchumaza mbele ya kimmea chekundu, kidogo kuliko kifungo cha shati, kina matone ya umande na huku jua la saa sita linawaka. Inzi mdogo alikuwa amenasa kwenye matone, miguu inachezacheza.

"Kinamla?" nikauliza.

"Kinamla. Udongo huu hauna chakula. Mchachu. Kwa hiyo kinajitafutia."

"Maskini inzi."

"Inzi alikuja mwenyewe," akasema. Huyo ndiye Karani, hana huruma hata kwa mdudu. Lakini aliinama akaondoa kinyesi cha mbuzi kilichokuwa karibu na kile kimmea, kwa mkono wake, akakitupa mbali, akapangusa mkono kwenye nyasi. Mbolea ingekiua, alisema. Kila kitu pale juu kimezoea njaa, ukikishibisha kinakufa.

Alijua kwa kuumia. Upande wa mashariki wa kilele kuna kipande chenye majani marefu ya vidolevidole, magumu, ambayo ng'ombe hali. Kipande hicho alikilima yeye. Alipokuwa kijana, kabla hajapata kazi ya banda, alipewa ruhusa na wazee ajaribu mahindi. Yakatoka ya manjano, yanafika gotini. Akaambiwa udongo ni mgonjwa, una uchachu, mwagia chokaa. Akapandisha chokaa kwa kichwa, gunia baada ya gunia, na mbolea juu yake. Alivuna kidogo, kisha kidogo zaidi, kisha akaacha. Akangoja nyasi zirudi. Hazikurudi, na wale ndege wanaoruka hawajaweka kiwanja hapo tena. Anazeeka na kile kipande kiko vilevile.

"Udongo haukuwa mgonjwa," aliniambia siku moja tumesimama hapo. "Ulikuwa hivyo ulivyo. Mgonjwa nilikuwa mimi." Halafu akanifukuza.

Jamani, lakini alikuwa na vituko! Mtu aliyepima chai maisha yake yote hakunywa chai. Ukimkaribisha chai anaomba maji moto. Alipiga kelele kwa maharusi waliopanda kuchuma maua ya kilimani kupambia gari, na bibi harusi akalia. Lakini ng'ombe wa watu aliwaacha wale watakavyo, akisema nyasi zisizoliwa zinajinyonga zenyewe. Na mila alizipinga hadharani, akaziita giza. Sasa mnajua Desemba wavulana wakishatahiriwa wanapandiwa ndani ya nyumba yao ile nyasi iitwayo esuguta, na kazi yao ni kuimwagilia isinyauke mpaka watoke, maana ikinyauka ni mkosi. Nyasi hiyo hutolewa palepale majimajini. Basi kila Desemba Karani, adui wa giza, alikuwa anasimama kando ya bonde na Biblia kwapani, akiwangoja wanaokuja kuikata. "Mimi siko hapa," anawaambia. "Hamjaniona. Lakini wewe, kata upande huu! Na usitoe mizizi yote, umesikia?"

Alistaafu, banda likapata karani mwingine, tukapumua. Mimi nilikuwa nimeolewa, nimeachika, nimerudi nyumbani kumwangalia mama na kushona nguo pale sokoni Ekerenyo. Nilidhani habari za Karani zimekwisha.

Ndipo ikaja ile habari ya mikaratusi.

Mwenyekiti wa kamati ya kilima si mtu mbaya, niseme hivyo mapema. Yeye aliona kilima kitupu, vijana hawana kazi, na kiwanda kinatafuta kuni za kukaushia chai kila pembe. Akaomba miche, ikaja lori zima, ikapangwa nyuma ya ofisi ya chifu kwenye vifuko vyeusi vya plastiki. Kila mtu alifurahi. Nani anapinga miti siku hizi? Redioni ni miti, kanisani ni miti, shuleni watoto wanaimba miti. Baraza likaitwa Alhamisi kupitisha jambo tu, kupanda ni Jumatatu.

"Kilima chetu kiko uchi," Mwenyekiti alisema siku hiyo, kwa Kiswahili kwa sababu kulikuwa na wageni kutoka mjini. "Tunakwenda kukivisha nguo." Makofi.

Karani akasimama nyuma. Sikuamini macho yangu. Alikuwa amevaa lile koti la kaki, limemlegea mabegani, na mkononi ameshika ile mizani ya zamani ya kuning'iniza, ya ndoana. Watu wakaanza kugunaguna kabla hajafungua kinywa. Mizani ile tu ilitosha. Wanawake wazima niliwaona wanajikaza kama bado wako foleni.

Akaitundika kwenye boriti ya ukumbi. Akatoa ndani ya gunia bonge la nyasi na udongo wake, limekatwa kule majimajini, linachuruzika. Akalipima, akasoma kwa sauti ile ile ya bandani. Akatoa bonge la pili, ukubwa ule ule, ambalo alikuwa amelikausha juu ya mabati ya nyumba yake. Akalitundika. Mshale haukusogea sana.

"Tofauti ni maji," akasema. "Kilima chote kile ni gunia la maji. Nyasi ndiyo inayoyashika. Mkaratusi unakunywa usiku na mchana, haushibi. Mkipanda juu, chemchemi chini itakauka. Wale ndege hawatarudi. Na ile nyasi mnayoitoa Desemba, mtaitoa wapi?"

Mwenyekiti alikuwa anajikuna shingo. Mgeni mmoja alisogea kuitazama mizani. Nawaambia kweli, pale palikuwa na nafasi ya kupumua mara mbili tatu ambapo Karani alikuwa ameshinda. Niliona jinsi alivyojua, kwa sababu mabega yake yalishuka.

Mama yangu akasimama.

Amezeeka, anasimama kwa kushika kiti cha mbele. Akangoja mpaka kila mtu amemtazama. "Mimi nina swali moja tu," akasema. "Karani, maji! Si wewe ulisema hununui?"

Wacha wee! Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka mpaka wakashikana. Mzee mmoja aliangusha kofia. Kutoka nyuma wanawake wakaitikia kama wimbo, "Mimi sinunui maji! Anayefuata!" Mimi pia nilicheka, na ningecheka tena, kwa sababu nilikuwepo siku ile bandani na wengi wenu hamkuwepo. Wanaotaka miti wakaulizwa, mikono ikainuka, jambo likapita. Karani alikuwa anajaribu kuitoa mizani kwenye boriti na ndoana ilikuwa inamponyoka. Hakuna aliyemsaidia.

Jioni ile nilimwuliza mama akiwa anachambua maharagwe. "Mama, na kama yule mtu anasema kweli?"

"Anasema kweli," akajibu bila kusita. "Kwani mimi ni mjinga? Nimechota chemchemi ile tangu nilipoletwa hapa kama bibi harusi."

"Sasa mbona—"

"Kwa sababu ilikuwa zamu yangu."

Ijumaa ikapita. Jumamosi nilitoka nje mara nyingi kutazama kilimani, na kila mara nilimwona, kadoa keusi kanakwenda na kurudi kileleni. Alikuwa anaaga. Roho iliniuma, nikajikasirikia kwa kuumwa, nikamfokea mteja aliyekuja kuchukua sketi yake.

Jumapili jua likielekea kuzama, Karani aliingia kwenye uwanja wetu. Katika maisha yangu yote hakuwahi kuvuka lango letu. Begani alikuwa amebeba mtungi wa plastiki, ule wa manjano, umejaa maji ya chemchemi, na mkono wa pili mizani. Alikuwa anahema vibaya. Nikakimbia kumpokea, akanikwepa.

Mama alikuwa ameketi mlangoni na ungo wa maharagwe. Hakumkaribisha kiti.

Karani akatafuta pa kutundika, akaona tawi la mparachichi, akatundika mizani, akainua ule mtungi kwa kujikokota akautia kwenye ndoana. Akausoma uzito. Akausoma kwa Ekegusii. Jamani, sikuwahi kumsikia akisoma mizani kwa lugha yetu! Sauti ilikuwa nyingine kabisa, ya mzee tu wa kijijini.

"Sijakata kitu," akasema.

Mama akautazama ule mtungi. "Soma tena."

Akasoma tena. Yule mtu ambaye hakuwahi kusoma mara mbili.

"Unadhani nakutaka unirudishie kilo?" mama akamwuliza.

"Siwezi kuzirudisha. Hazikuingia kwangu, ziliingia kiwandani."

"Najua hazikuingia kwako. Mimi nina jambo moja la kukuuliza, na ukinidanganya utoke na maji yako. Tulikuwa tunachuna kwenye mvua kwa sababu lori halingoji jua. Majani hatukuwa na mahali pa kuyaanika. Hiyo mvua haikuwa ujanja wetu. Ulijua?"

Nilimwona Karani akishika shina la mparachichi. Kuku mmoja akapita katikati yao. Nikawa naomba moyoni, na sijui nilikuwa naomba nini, aseme ndiyo au aseme hapana.

"Nilijua, mama," akasema.

"Kila siku?"

"Kila siku nilijua."

Mama akaendelea kuchambua maharagwe. Hakusema nimekusamehe, hakusema nenda na amani, hakusema lolote la kanisani. "Kunaingia giza," akasema mwishowe. "Njia ile ina mashimo. Maji acha." Karani akatungua mizani yake akaondoka. Nilitaka kujua mama ameamua nini, akaniambia nisonge ugali.

Asubuhi ya Jumatatu niliamka nikakuta kitanda chake kitupu. Alikuwa uani, amejifunga leso, na mgongoni kikapu chake cha chai, mama ambaye hajachuna kwa miaka. "Unaenda wapi?" "Kilimani." "Na hayo magoti?" "Nitayabeba kwenye kikapu," akajibu. Tulipanda polepole, na kwenye kila lango alisimama akaita mwenye nyumba kwa sauti. Hakueleza. Alisema tu, "Toka, tunapanda kilimani," na wakatoka, wengine na masufuria bado mikononi, kwa sababu mama akiita hivyo unatoka kwanza ndipo uulize.

Kileleni trekta lilikuwa limeshafika na miche. Vijana na majembe walikuwa wamezunguka lile bonde la majimaji, na katikati ya bonde, maji yamemfika vifundoni, alisimama Karani peke yake na koti lake la kaki. Mwenyekiti alikuwa anambembeleza. "Mzee wangu, baraza limepitisha. Tafadhali, tusivunjiane heshima." Kijana mmoja aliyechoka kungoja alipiga jembe ardhini karibu na miguu ya Karani, tope likamrukia mpaka kifuani. Hakusogea. Kijana akainua jembe mara ya pili.

"Shusha hilo jembe kabla sijakuita jina la babu yako!" Huyo ni mama, hata pumzi hana.

Jembe likashuka. Mama akaingia majimajini na viatu vyake, akasimama kando ya Karani. Wanawake wakajaa nyuma yetu.

"Mwenyekiti," akasema, "Alhamisi nilimwuliza huyu swali, nikacheka kabla hajajibu. Jana amenijibu."

"Amejibu nini, mama?"

"Hilo ni letu sisi wawili." Akawageukia wanawake. "Nani hapa alikatwa maji na Karani?"

Mikono ikainuka, yote. Mmoja aliinua hata sufuria. Karani alitazama mikono ile mmoja mmoja, na safari hii aliinua macho, akamtazama kila mtu usoni.

"Na nani anachota maji chini ya hiki kilima?"

Mikono haikushuka. Ilikuwa ile ile.

"Basi ugomvi wetu na Karani ni wetu, tutaumaliza naye wenyewe," mama akasema. "Kilima hakijawahi kutukata. Alhamisi mkono wangu uliinuka kwa hasira. Leo naushusha." Akaushusha. Ikashuka na mingine, taratibu, mpaka ikabaki ya vijana wawili watatu walioinua kwa kuchanganyikiwa.

Mwenyekiti akavua kofia, akaivaa tena. Aliona wake wawili wa ndugu zake katika kundi lile, na shangazi yake. Mwishowe akasema miche itapelekwa kando ya barabara na kwa wanaoitaka kwenye mashamba yao, na kilele kingoje baraza lingine. Mpaka leo tunalingoja. Sijui likiitwa itakuwaje, na sidhani Karani atakuwepo siku hiyo, maana kikohozi chake sikipendi. Lakini siku ile trekta liligeuka likashuka na miche yake, na wanawake wakashuka nyuma yake wakipiga vigelegele.

Tulibaki watatu. Mama alikuwa hajawahi kufika kileleni kutazama tu, miaka yote hiyo. Ndege walikuwa wanarudi viwanjani mwao, mmoja mmoja, wanaanza kuruka. Alimtazama yule wa kwenye jiwe jeupe, ambaye alikuwa anamfukuza mwenzake kwa kelele.

"Na huyu mkorofi ni nani?" mama akauliza. Nilikuwa nimeshamsimulia habari ya majina.

Karani akakohoa. "Huyo ni wewe."

"Mimi? Si ni dume huyo!"

"Najua. Lakini hakuna dume aliyewahi kunipigia kelele kama wewe."

Mama alijaribu kununa, akashindwa. Halafu mvua ikaanza, ya matone makubwa, kama inavyoanza huku bila kubisha hodi. Nikamshika mama mkono tukimbie, akakataa. Alikivua kikapu mgongoni, akakiweka chini wazi, akaangalia mvua ikiingia ndani yake na kutokea chini kwenye nyasi. Nyasi zote zilikuwa zinainama na kuinuka. Yule kware alilia mahali fulani tusipopaona.

"Karani," mama akasema. "Hapa unakata ngapi?"

Karani alikuwa amelowa chapa chapa, kaki imegeuka nyeusi. Akanyoosha mkono, akachovya kwenye nyasi mpaka kiwiko, akafinya konzi yake, akakifungua kiganja. Kilijaa maji. Akakitazama muda mrefu sana.

"Sikati," akasema.